Silabi Sita na Mtu Niliyemtilia Shaka

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane na sasa yamebaki matone tu yanayodondoka kutoka kwenye bati la jirani. Upande wa Sake, kwenye mapigano, kumekuwa kimya siku nzima, na kimya hicho kinanisumbua kuliko mlio wa mabomu. Mlio ukiwepo, angalau najua wapiganaji walipo. Umeme upo kwa sasa, kwa hiyo naandika haraka.

Nimekaa wiki nzima bila kuandika. Sikuwa na shughuli nyingi. Nilikuwa naogopa kuyaona haya yameandikwa.

Kwa asiyenijua: mimi ni muuguzi, nakaa Majengo, hapa Goma, nyumba ya marehemu baba yangu aliyekuwa dereva wa malori. Kila asubuhi napanda pikipiki hadi upande wa Lac Vert, kwenye kituo cha afya cha kambi ya wakimbizi wa vita. Pale mimi ndiye ninayeitwa kila kunapotokea barua ya Kiingereza, kwa sababu vita vya zamani vilinisukuma hadi Kampala na nikasomea uuguzi huko. Daktari wetu mkuu anajua Kifaransa tu. Ikija karatasi ya Kiingereza, wanasema mpelekeeni Zainabu.

Heshima hiyo naipenda. Nilidhani naistahili.

Mwezi uliopita tuliletewa mashine ya maabara, msaada kutoka mbali, imepitia Uganda. Inapima damu kwa kutumia mwanga: wekundu wa damu, sukari, hali ya figo. Wanawake wajawazito wa kambini wana upungufu wa damu usioelezeka, na mpaka wakati huo vipimo tulikuwa tunavipeleka mjini, majibu yanarudi siku ya tatu au hayarudi. Kwa hiyo lile sanduku tulilipokea kama mgeni wa harusi. Tatizo lilikuwa moja. Mfanyakazi wetu wa maabara alikwishapanda boti kwenda Bukavu na familia yake, na kitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza kuanzia jalada mpaka mwisho.

Jina la mashine limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa: spectrophotometer.

Tukatangaza nafasi ya kazi. Alhamisi iliyopita akaja mwanamume mmoja. Nitamwita Paluku, si jina lake. Mnande, mtu wa kabila la kaskazini, umri kama miaka hamsini, shati limepigwa pasi sijui kwa moto gani, kwa maana anaishi kwenye kibanda cha turubai juu ya mawe ya volkano kama wengine wote. Alisema amefanya kazi maabara miaka mingi, kule juu Kanyabayonga.

“Diploma?” niliuliza.

“Bakaratasi zangu zote zilibakiaka kule, mama. Nyumba iliungua.”

Kila mtu nyumba yake imeungua. Hilo ndilo jibu la kambi nzima, na ndilo jibu ambalo mtu mwongo angelichagua kwanza.

Naomba nijieleze kidogo, si kujitetea. Nilipokuwa msichana, baba alimkaribisha mgeni nyumbani, mtu mpole, anasali, anasaidia kuteka maji. Alikaa wiki mbili. Baada ya kuondoka walikuja watu wenye bunduki, na walijua mlango upi una kufuli bovu na kaka yangu analala chumba kipi. Kaka hakurudi. Tangu siku hiyo nikiona mtu mpole, najiuliza anahesabu nini.

Na Paluku alikuwa anahesabu. Nilimwona kwa macho yangu. Nilimpa kitabu cha maelekezo asome ukurasa wa kwanza kwa sauti, na alipofika kwenye jina la mashine akasimama, vidole vya mkono wa kulia vikagonga goti lake, mara sita, taratibu. Ndipo akalitamka:

“Spek-tro-fo-TO-mi-ta.”

Akaibana ile “to” kwa nguvu, halafu “mi-ta” akaiachia haraka kama mtu anayemeza mate.

Nilicheka. Ni aibu kuandika, lakini nilicheka. Nikamwambia, “Papa, hapana. Ni spektro-foto-MITA. Kama kilomita. Foto, halafu mita.”

Alinitazama. Ninaukumbuka ule mtazamo, haukuwa na hasira. Kisha akainamisha kichwa.

“Ndiyo, mama. Spektrofotomita.”

Akalisema sawasawa kama mimi, bila ubishi wowote.

Hapo ndipo moyo wangu ulipofunga. Nikajiambia: mtu anayeijua kazi yake angebisha. Huyu anakubali kila unachompa kwa sababu hana chake. Na vile vidole? Amekariri kitu, au kuna mtu amemfundisha aje kuingia hapa, kwenye kituo ambacho kila majeruhi wa kambi anapita, jina lake linaandikwa, na kijiji alikotoka.

Nikaijaza fomu. Pale kwenye maoni niliandika maneno mawili tu ya Kifaransa: élément douteux, mtu wa kutiliwa shaka.

Nilimaanisha elimu yake ina mashaka. Wallahi nilimaanisha hivyo. Lakini hapa kwetu mtu akisoma “élément” haelewi habari ya elimu. Anaelewa mtu wa jeshi fulani, mtu aliyetumwa. Mimi mtoto wa Goma, nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Na nilijua pia kwamba fomu ya kila mkimbizi anayeomba kazi inatolewa nakala, inapelekwa kwa shefu, yaani mkuu wa bloki anayoishi.

Nilijua, na nikaandika.

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, nililala vizuri.

Jumatatu saa tatu fundi wa Kampala alitupigia ili atuelekeze namna ya kuiwasha mashine. Tulizungumza Kiingereza. Ni kijana mchangamfu, anaongea mbio. Sentensi yake ya kwanza tu ikanichoma sikio, kwa sababu alilitaja jina la mashine na alilitaja na ile “to” imebanwa katikati. Nikadhani simu inakatakata. Nikamwomba arudie. Akarudia. Spek-tro-fo-TO-mi-ta.

Nikamwuliza kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mdogo wake, kama siyo foto-mita.

Akacheka, vilevile nilivyocheka mimi Alhamisi. Akaniuliza kile kifaa cha kupimia homa nakiitaje kwa Kiingereza. Nikafungua mdomo. Thermometer. Tha-MO-mi-ta. Nimelitamka neno hilo kila siku tangu nilipokuwa mwanafunzi. Sijawahi hata mara moja kusema thamo-MITA. Sikio langu lilikuwa na jibu siku zote, ila hakuna aliyeliuliza.

Mimi neno hili nilikuwa nimelisoma tu, tena mwezi huu. Nikalipa mkazo wa Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho, na mètre ya Kifaransa ikanisaidia kukosea. Paluku alikuwa amelisikia. Mtu halisikii neno kama hilo sokoni Birere. Analisikia maabara, kwa mtu aliyeisimamia mashine hiyo mbele yake.

Nilimwambia fundi nitampigia baadaye. Nikatoka nje bila mwavuli.

Kutoka kituoni hadi bloki ya Paluku ni mwendo wa dakika kumi, ukijua mawe ya kukanyaga. Sikufika kwake. Mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliniona njiani, akaniuliza kama na mimi naenda kumwangalia yule mpelelezi.

“Mpelelezi gani?”

“Ule Munande. Vijana bamemushika asubuhi. Banasema ni nyinyi ba kituo njo mulimutaja.”

Nikamwuliza wako naye wapi, akanionyesha kwa kidole.

Walikuwa wamemweka kwenye kibanda cha kamati. Amekaa chini, viatu wamemvua, shati lile la pasi limechanika begani. Shavu moja limevimba. Shefu wa bloki, mzee mmoja wa Masisi ninayemheshimu kwa kweli, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na daftari mapajani. Vijana wanne mlangoni. Mke wa Paluku alikuwa amesimama nje mvuani, amejiziba mdomo kwa kitambaa, halii.

“Mama Muganga, umekuya vizuri,” shefu alisema. “Utatusaidia. Tom njo nani?”

Sikuelewa.

Akanigeuzia daftari. Ni daftari la shule, lile la mraba mraba, limelowa na kukauka mara nyingi. Ukurasa mzima umejaa maneno ya Kiingereza, na kila neno limekatwakatwa kwa vijistari vya kalamu. Katika kila neno kipande kimoja kimeandikwa kwa herufi kubwa na kupigwa mstari mwekundu. Neno la tatu lilikuwa hivi: spec/tro/pho/TOM/e/ter.

“Tangu saa moja tunamuuliza Tom ni nani,” akasema kijana mmoja. “Ni komanda wake? Iko wapi? Yeye anasema silabi, silabi. Silabi njo nini?”

Paluku aliinua kichwa. Sauti ilikuwa imekauka. “Iko silabi, papa. Siyo mutu.”

Mtu amepigwa makofi asubuhi nzima amtaje Tom.

Nikawaambia wanipe daftari. Nikasimama katikati ya kile kibanda, na nikaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, nikigonga kiganja changu kwenye kila kipande, na kila neno nikalieleza. Hili ni damu, ule wekundu wake: HI-mo-glo-bin. Hili ni figo: kri-A-ti-nin. Hili ni chombo kinachozungusha damu. Hili la tatu, lenye Tom, ni ile mashine mpya ya kituoni, lile sanduku mlilotusaidia kubeba. Kipande chekundu ni pale ambapo sauti inapanda. Waingereza wasipokisikia kipande hicho hawakuelewi. Ndiyo maana ameandika.

Nilipofika neno la mwisho nikakwama. Lilianza na herufi tano ambazo sikujua nizianzie wapi. Shefu akaniangalia.

Nikamgeukia mtu aliyekaa chini.

“Papa Paluku, hili linatamkwaje?”

Vidole vyake viligonga goti. Mara sita.

“Shis-to-so-MA-ya-sis,” alisema. “Bilharziose. Batoto ba kule kwa mutoni banakojolaka damu.”

Yule mama wa sambaza, aliyekuwa amenifuata, akadakia mlangoni kwamba ugonjwa huo anaujua, mtoto wake aliupata. Na ghafla lile daftari likawa daftari. Nililiona linavyobadilika kwenye macho ya wale vijana. Mmoja akachuchumaa, akamrudishia Paluku viatu.

Lakini shefu hakunyanyuka.

Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua polepole. Mwandiko wangu. “Mama Zainabu, hii ni wewe uliandika?”

“Ni mimi, papa.”

“Alhamisi uliandika huyu mutu ni mubaya. Leo unakuya mbio, unasema ni muzuri. Katikati hapo, nani alikupigia simu?”

Nilikuwa nimepigiwa simu kweli. Kutoka Uganda. Kwa Kiingereza.

Sijui kama umewahi kusimama mbele ya watu na kuona macho yao yakihama, taratibu, kutoka kwa mtu mwingine kuja kwako. Niliona namna kila kitu changu kinavyoweza kupangwa upya: Mwislamu wa Majengo, amesoma Kampala, anajua majina ya majeruhi, anapigiwa simu kutoka ng’ambo ya mpaka, anawachongea watu halafu anawatetea. Nikijitazama kwa macho yangu mwenyewe ya Alhamisi, ningejiandika maneno mawili yaleyale.

Nikasema ukweli kwa sababu uongo wa haraka haukupatikana. Nikasema: nilimcheka kwa neno ambalo yeye alilijua na mimi sikulijua. Nilimwandika vibaya kwa sababu alinikubalia. Kosa ni langu, na kama kuna wa kuvuliwa viatu ni mimi.

Shefu akaikunja ile karatasi. Hakunipa. Akairudisha mfukoni.

“Muende na yeye,” alisema. “Nitaendelea kuangalia.”

Hakusema atamwangalia nani.

Tulitembea watatu, Paluku, mkewe na mimi, hadi kwenye kibanda chao. Nilimsafisha shavu kwa maji ya chumvi. Mke hakunipa kiti, na alikuwa na haki. Nilimwuliza Paluku: kwa nini hakunibishia? Alijua yuko sahihi. Kwa nini alilirudia neno langu bovu?

“Ningekubishia, ungeandika nini? Ungeandika niko na kiburi. Nilitaka kazi, mama. Nikasema wacha niseme vile anapenda.”

Akanieleza na habari ya vidole. Alipokuwa kijana, naye mkimbizi Uganda, alikuwa anaosha vioo kwenye maabara ya wamisionari. Mkuu wa maabara alikuwa hamruhusu mtu kugusa mashine mpaka alitaje jina lake bila kukosea, na aliwagongea silabi kwa kijiko mezani. Paluku alisema yeye hakuwa na kijiko chake. Akazoea goti.

Nikamwomba aje kazini. Daktari mkuu nilikuwa nimemweleza yote kwa simu, njiani, na alinikemea kwa namna ambayo sitaiandika hapa. Mkewe ndiye aliyejibu.

“Atakuya. Lakini siyo juu yako.”

Jumanne hakuja. Jumatano alikuja, saa moja kasoro, kabla yangu. Nilimkuta ameshafungua sanduku na kupanga vitu juu ya kitambaa safi. Alimpigia fundi wa Kampala mwenyewe, wakaongea muda mrefu, nikasikia wote wawili wanacheka. Kufika saa nane mashine ilikuwa inafanya kazi. Mwanamke wa kwanza kupimwa alikuwa na mimba ya miezi saba, na namba iliyotoka ilikuwa chini kiasi kwamba tulimpeleka mjini saa ileile kuongezwa damu. Leo nimeambiwa yuko hai, na mtoto anacheza tumboni. Kwa njia ya zamani, majibu yake yangerudi Jumamosi.

Nataka kuishia hapa, kwenye huyo mama. Ingekuwa rahisi.

Lakini nilijiahidi kusema kweli, kwa hiyo naandika na la leo.

Leo saa nne Paluku alitoka nje kupiga simu. Alisimama chini ya ukingo wa bati, amegeukia ukuta, anaongea Kinande kwa sauti ya chini. Mimi Kinande sikijui. Na kabla sijafikiri lolote nilikuwa nimeshaliacha faili langu na nimesogea dirishani, natega sikio. Mimi. Baada ya yote haya. Siku tatu tu baada ya Jumatatu.

Nilikuwa nasikiliza kama kuna jina la mtu.

Akageuka, akaniona.

Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Alinitazama vilevile kama siku ya kwanza, kisha akaiweka simu vizuri sikioni, na akaacha Kinande. Akaendelea kwa Kiswahili, kwa sauti ya kunifikia pale nilipo.

“Ndiyo, mama. Nimepata kazi. Niko mu labo. Batu ba hapa ni bazuri. Usilale na mawazo.”

Alikuwa anaongea na mama yake mzazi, Butembo, mwanamke mzee ambaye labda Kiswahili chenyewe anakisikia kwa shida. Alimnyima mama yake lugha yake ili mimi niridhike.

Nilirudi kwenye faili na sikuweza kusoma hata mstari.

Karatasi yangu bado iko mfukoni mwa shefu wa bloki. Kesho asubuhi nitapitia kwake kabla ya kazi, nitaiomba, na akikataa nitaiomba tena keshokutwa. Hilo naliweza. Ila lile la dirishani sijui naliombea msamaha wapi.

Nitaingia maabara kesho, nimsalimie Paluku. Halafu nimwambie nini?